Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Mcheza Bustanini?

Methali ya mcheza kwao hutunzwa inajulikana na kila mtoto wa pwani, na aghalabu husikika harusini, mtu anapoinuka na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Neno zito humo si kutunzwa, bali ni kwao. Anayetunzwa ni yule anayecheza mbele ya watu wanaomjua yeye ni nani, katoka nyumba gani, na wimbo alioushika unamchoma nani pale uwanjani. Ukimtoa hapo ukampeleka mahali ambapo mlangoni panakatwa tiketi, methali haisemi atapata nini.

Jambo hili linafaa kukumbukwa kila linapozuka wazo la kuijengea Kusini bustani ya utamaduni: mahali pamoja penye nyumba za Wamakonde, Wamakua na Wayao, vinyago vikubwa vya saruji langoni, sindimba kila alasiri, mkahawa, na pembea za watoto kando. Wazo hilo lina wapenzi, na wapenzi wake si watu wabaya. Wanaiona Masasi na majabali yake yaliyosimama peke yake katika nchi tambarare. Wanaiona Newala kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, pale Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na jicho likateremka hadi bonde la Ruvuma, likavuka hadi Msumbiji. Kisha huuliza kwa nini mgeni aingiaye Tanzania ajue Serengeti na Unguja tu. Swali ni la haki. Jibu lao ndilo lenye walakini, maana bustani za namna hiyo zimekwisha kujengwa Afrika Mashariki, na matunda yake yameonekana.

Isidhaniwe kwamba ugomvi hapa ni na pembea. Watoto wa Mjini Unguja wamepanda pembea Mnazi Mmoja sikukuu baada ya sikukuu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kwa kufanya hivyo wanajifunza ustaarabu wa mababu zao. Pembea ni pembea. Haijidai. Balaa huanza pale kiwanja cha furaha kinapobandikwa jina la watu, na watu wenyewe wakageuzwa sehemu ya vifaa.

Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kilianzishwa katikati ya miaka ya 1960 chini ya Makumbusho ya Taifa. Nia yake ilikuwa njema: kukusanya nyumba za jadi za makabila mbalimbali, zijengwe kwa ukubwa wake halisi, pamoja na vyombo vyake, ili kijana aliyezaliwa mjini apate kuona bibi yake alilala wapi. (Siku hizi ukimtajia mkazi wa jiji neno Makumbusho, yamkini atakuelekeza kwenye kituo cha daladala.) Lakini tazama kilichofuata. Haikupita hata miaka kumi, dola ileile iliyosimika nyumba moja ya mfano mjini ikawaamuru wenye nyumba kama hizo mashambani watoke. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Upande wa Mtwara uhamisho ulianza mapema zaidi, kwa sababu ya vita vya ukombozi vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Familia zilizokuwa zikiishi ndani ya mikorosho yao zilisogezwa mbali, mikorosho ikabaki na magugu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei mbovu na maradhi ya miti yakiwamo, lakini mkulima aliyetenganishwa na shamba lake ni mojawapo, na hakuna mtafiti anayelikana hilo. Ndipo ikawa nyumba ya jadi inatunzwa pale tu isipokaliwa na mtu.

Bomas of Kenya, nje kidogo ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1971 na kufungua milango miaka miwili baadaye. Huko maboma ya makabila yalijengwa uwanjani, na katika ukumbi mkubwa wa duara kikundi kimoja cha wachezaji walioajiriwa kilionyesha ngoma za makabila mengi, moja baada ya nyingine, kikibadili mavazi nyuma ya pazia. Kwa ustadi wa mwili, wachezaji wale walistahili sifa. Lakini tafakari hali ya ulimi wao. Mtu mmoja hawezi kuwa na lugha kumi na tano kinywani kwa kiwango cha mtunzi. Ataikariri sauti ya wimbo, ataitikia pale panapoitikiwa, na maana atamwachia mwenyewe aliyebaki kijijini. Mtazamaji naye haulizi. Akitoka hapo husema ngoma ilikuwa tamu.

Hapo ndipo penye kiini cha madai haya: bustani ya utamaduni huchukua kiuno ikaacha ulimi. Msiba huu usiachiwe wachumi wa utalii peke yao, kwa kuwa ni msiba wa ushairi.

Sindimba ni shahidi mzuri. Ilikuwa ngoma ya uwandani, ya Newala na jirani zake, iliyofungamana na sherehe za kuwatoa vijana jandoni na unyagoni. Miaka ya 1960 ikachukuliwa na Kikundi cha Ngoma cha Taifa, ikapelekwa majukwaani, viwanja vya ndege, kwenye mapokezi ya wageni wa serikali. Baadaye ikaenea mashuleni kote nchini, hata kwa watoto wa Kagera na Mara ambao hawajapata kumwona Mmakonde. Pakazuka zogo: wengine wakailaani kwamba ni matusi, wengine wakaitetea kwamba ni fahari ya taifa. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya nyonga. Ni nadra kumpata Mtanzania aliyecheza sindimba shuleni akaweza kutaja mstari mmoja wa maneno yake na kuufafanua. Ngoma iliyokuwa na mwanzo, mwisho, mtu wa kuimbiwa na jambo la kuambiwa, ikageuka mazoezi ya viungo yenye midundo.

Msomaji wa pwani atalielewa hili upesi akiligeuza upande wake. Ichukuliwe taarab, ivuliwe maneno, zibaki fidla, udi na ganuni. Atatokea wa kusema kwamba bashrafu nayo haina maneno. Ni kweli, lakini bashrafu ni ukumbi wa kupokelea wageni. Hakuna aendaye kwenye taarab akaishia ukumbini akarudi nyumbani. Watu hungoja fumbo. Hungoja kuona nani atainuka kwenda kutuza na nani atainama. Nyimbo za jando na unyago ni ndugu wa karibu wa fumbo hilo: maneno machache yenye sura mbili, kiongozi akitoa kichwa cha habari na kundi likikitia mwili, na aliyekwisha kuingia akielewa lile ambalo mwari bado analitafuta.

Unguja ina mfano wake wenyewe. Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013, alikuwa kungwi kabla hajawa nyota wa matamasha, na unyago aliousimamia ulikuwa na mizizi ng'ambo, kwa kuwa ulivuka bahari pamoja na watu wa bara waliokuja visiwani kwa hiari na kwa minyororo. Alipoifunga ngoma kiunoni mbele ya umati wa Ngome Kongwe, hakuna aliyedhani kwamba amepitishwa unyagoni kwa kukata tiketi. Kilichotolewa jukwaani kilitolewa na mwenyewe, kwa kipimo chake, na cha chumbani kikabaki chumbani. Huyo alikuwa mwenye ngoma. Mchezaji wa bustani ni mwajiriwa wa ngoma, naye hana kauli ya kusema hiki kionyeshwe na hiki kifichwe.

Suala la kuficha ni zito kuliko linavyodhaniwa. Kinyago cha kuvaa kichwani, lipiko kama wanavyokiita Wamakonde, hakikuwa pambo. Mtoto asiyetahiriwa na wanawake waliambiwa kwamba anayecheza si mtu. Waswahili husema kinyago hakimtishi aliyekichonga. Basi nguvu yake yote imo katika kuwapo kwa mtu ambaye bado hajui. Jandoni ndipo kijana hufunuliwa kwamba ndani yake yumo binadamu, labda mjomba wake, na siku hiyo huacha kuwa mtoto. Katika bustani mcheza kinyago hucheza dakika kumi, hukivua, huinamisha kichwa kwa makofi, kisha hupigwa picha na wageni akiwa amekikumbatia. Watoto wote wanatazama. Elimu ya miezi imemalizwa kwa tabasamu moja.

Watetezi wa bustani hujibu kwamba hayo yote yanakufa vivyo hivyo, na kwamba utamaduni haujawahi kuwa jiwe. Hoja hii haifai kubezwa. Padri Vincent Lucas wa misheni ya Waanglikana, kabla hata hajawa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alikwisha kulichukua jando na kulifanya la Kikristo, akabakisha baadhi ya taratibu na kuziondoa nyingine, nyimbo alizoziona chafu zikiwa miongoni mwa zilizoondolewa. Sanaa ya vinyago nayo imebadilika. Mashetani yenye jicho moja na viungo vilivyopinda, na zile nguzo za watu waliobebana ambazo baadaye ziliitwa ujamaa, hazikutoka kwa mababu: zilizuka Dar es Salaam na kando yake katika miaka ya 1950 na 1960, mikononi mwa wachongaji ambao wengi wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na soko lilikuwapo tangu mwanzo. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa baba wa shetani, na mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua na kuwatia moyo wachongaji wengi wa zama hizo.

Lakini mifano hiyo inawaumbua wanaoitoa. Jando la Lucas, likubalike au lisikubalike, lilifanyika Masasi. Lilihusu watoto wa Masasi. Wazazi waliweza kuwapeleka wana wao au kuwazuia, na wazee walibishana nalo ana kwa ana. Na Samaki alikuwa na jina. Alishika tezo yake mwenyewe, akachonga jambo ambalo hakuna aliyemwagiza, na historia ya sanaa inamtaja. Biashara si haramu, wala mabadiliko si kifo. Kinachoua ni kumwajiri mtu awe kabila lake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, bila jina, akirudia leo alichokifanya jana kwa kuwa ndicho kilichochapishwa kwenye tangazo.

Halafu kuna mambo ambayo bustani haitayaonyesha kabisa, kwa sababu hayapendezi. Uwanda wa Makonde una udongo unaokunywa mvua yote, na juu yake hakuna mto. Watu waliupanda na kujificha katika vichaka vyake vizito wakiwakimbia wawindaji wa watumwa na wavamizi, na gharama ya usalama huo ikawa maji. Vizazi vya wanawake viliteremka ukingoni hadi kwenye chemchemi za mabondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, safari ya saa nyingi kwa ndoo moja ambayo ingepikia, ingenywesha na kuogesha nyumba nzima. Mradi wa kusukuma maji kuyaleta juu ulianza miaka ya 1950, na historia yake ya mitambo kuharibika na mabomba kukauka ni ndefu. Atakayeelewa hili ataelewa kwa nini Newala iko pale ilipo. Lakini nyuma ya nyumba ya mfano pana bomba, maana mgeni ataosha mikono kabla ya chakula, na mtungi umewekwa pembeni kama ua.

Kisiwa cha Unguja hakiwezi kuyatazama haya kama mambo ya mbali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka hapa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi na kwenda kwa miguu bara. Walipofika Masasi wakaamua kuweka makazi hapo, na hivyo misheni ya Masasi ikaanzishwa na watu waliotoka Mbweni. Steere ndiye yule yule ambaye mwaka 1870 alikwisha kuchapisha hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa Unguja. Mgeni yule, pamoja na yote yanayoweza kusemwa juu ya umisionari, alitambua kwamba watu hujulikana kwa maneno yao, akakaa chini akayaandika.

Miaka thelathini baada ya msafara ule, mwaka 1906, alifika Karl Weule kutoka Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeichoma nchi, misheni ya Masasi yenyewe ilishambuliwa mwaka uliotangulia, na Mjerumani huyo alisafiri chini ya ulinzi wa askari. Alipita Masasi, akakaa Newala. Alikusanya vyombo na vinyago kwa ajili ya makumbusho ya kwao, alipiga picha, hata za sinema, na alikuwa na fonografu iliyonasa nyimbo juu ya mitungi ya nta. Sauti za watu wa uwandani zilifungwa makasha zikavuka bahari. Wale waliokimbilia juu ili wasichukuliwe, safari hii walichukuliwa koo.

Vitu vinapochukuliwa, hurudi kwa shida, na vikirudi haviendi kwao. Mwaka 1984 makumbusho ya Dar es Salaam yaliibiwa vitu kadhaa, likiwamo lipiko la Kimakonde. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalilinunua lipiko hilo mjini Paris. Ilipogundulika asili yake mazungumzo yalichukua miaka mingi, hata mwezi Mei 2010 likakabidhiwa Tanzania. Watu walishangilia, na haki yao. Lakini lilirudi Dar es Salaam, kwenye makumbusho. Uwanda halikuupanda.

Sheria nayo inafuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi na kutaka atakayezitumia kibiashara apate kibali. Kibali hicho kimewekwa mikononi mwa Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa hiyo mwekezaji akitaka kuifanya sindimba kivutio, hana haja ya kufika Newala kumwuliza mtu yeyote. Mwenye ngoma, kwa macho ya sheria, ni taifa, na taifa lina ofisi mjini.

Basi atakayejenga na ajenge, ila kwa masharti yanayoweza kuandikwa. Kwanza, isiwe Dar es Salaam wala ufukweni penye hoteli. Iwe Newala au Masasi, ambako mtazamaji wa kwanza atakuwa jirani. Tamasha la MaKuYa, lililoanza Mtwara mwaka 2008 kwa ajili ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, lilithibitisha kwamba watu hujaa kutazama ngoma zao wenyewe bila kubembelezwa, na kwamba kikundi kikijua kimetazamwa na wanaojua, hucheza vingine. Pili, makungwi na wazee wa jando wawe na kauli ya mwisho juu ya kisichoonyeshwa, hata kama ndicho ambacho mgeni angelipia zaidi. Tatu, maneno. Kila wimbo utakaoimbwa uandikwe kwa lugha yake, Kimakonde, Kimakua au Kiyao, ufasiriwe kwa Kiswahili na mtu anayezijua lugha zote mbili, na jina la aliyeutunga au aliyeupokea liwekwe chini yake, kama washairi wa pwani wanavyowekewa yao. Kazi hii haihitaji saruji. Inahitaji daftari, wafasiri wachache wenye subira, na posho ya kuwakalisha na wazee kwa msimu mmoja wa kiangazi. Gharama yake yote haifiki ya lango la bustani.

Na kabla ya hayo yote, nakala za sauti alizozinasa Weule zifikishwe Newala na Masasi, wazee wakae wazisikilize. Yapo yatakayotambuliwa mara moja. Yapo, baada ya miaka zaidi ya mia, yatakayosikika kama Kimakonde lakini asitokee mtu wa kuyafasiri, na hayo pia yaandikwe kama yalivyo, sauti kwa sauti, na pahali pa maana paachwe wazi.